Mkono Mtupu

Pale uwanja wa ndege wa Mombasa kuna mlango ambao raia hapiti na silaha. Mkasi, wembe, kisu cha kumenyea embe, bisibisi: vyote vinabaki upande wa huku. Abiria hupita pale mara moja kwa mwaka, akijaliwa. Sisi wasafishaji tulipita kila siku. Mlinzi mmoja alikuwa na mzaha wake. Kila jioni ananiuliza, “Dadangu, leo umebeba nini?” nami namjibu, “Njaa tu.”

Uwanja wenyewe ulizaliwa na vita. Ulijengwa wakati wa Vita Kuu vya Pili na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini, ukatumiwa na ndege za jeshi la majini la Uingereza, kisha 1979 ukapanuliwa kuwa wa kimataifa. Leo jina lake limekuwa jina la mtaa na la wadi. Mtu akikuuliza Mombasa unakaa wapi, unajibu “Airport” na hakuna anayedhani unalala kwenye ndege.

Desturi ya kupekuliwa nayo si ya kale. Marekani ilianza kukagua kila abiria na mkoba wake Januari 1973, baada ya miaka mingi ya ndege kutekwa. Hata hivyo, kisu chenye makali yasiyofika inchi 4 kiliruhusiwa ndani ya ndege zao mpaka Septemba 2001. Tangu hapo uwanja wa ndege umekuwa mahali adimu duniani: tajiri na msafishaji wote wana mikono mitupu.

Shida ni kwamba usawa huo unaishia getini.

Zamu yetu ilikuwa inaisha saa tano usiku. Kampuni iliyotuajiri haikuwa na gari la kuturudisha, kwa hivyo mtu alitembea mpaka steji ya kuelekea Magongo. Usiku mmoja mwanamume alitoka gizani akanishika kifundo cha mkono wa kulia. “Leta simu.” Nikampa. Hakuniachia. Akaanza kunivuta. “Twende huku.” Hakuwa na panga wala kisu. Alikuwa na mikono kama yangu. Tuktuk ikakata kona, taa zikatumulika, akaniachia na kukimbia.

Simu nilinunua nyingine. Kilichonikaa moyoni ni kitu tofauti: sikupiga kelele. Nilikuwa na mikono miwili, miguu miwili na koo zima, na hakuna hata kimoja kilichofanya kazi. Niliganda. Nilipofika nyumbani mamangu alinishika uso, akanitazama, akasema, “Mshukuru Mungu. Na usimwambie mtu.”

Mwezi uliofuata mwenzangu wa kazini akanipeleka kwenye ukumbi mmoja Magongo ambapo mzee wa karate alikuwa anafundisha wanawake kujikinga, Jumapili sita, bila malipo. Nilitarajia mateke. Jumapili ya kwanza nzima tulifundishwa kusema “Hapana.” Yaani saa mbili za watu wazima kusimama kwenye mstari na kusema neno moja. Na ajabu ni kwamba wengi wetu hatukuliweza.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: tulilipoteza lini neno hili? Nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kwamba historia ya kujikinga, ukiondoa mateke ya sinema, ni historia ya nani ameruhusiwa kukataa.

Kuku na paka, 1913

Tuanzie hapa kwetu. Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba ya wazungu, na walitaka kodi ya nyumba pia. Mwanamke mmoja mjane, Mekatilili wa Menza, akazunguka vijijini akitumia ngoma ya kifudu, ngoma ya msiba, kukusanya watu na kuwaapisha wasitoe watoto wao.

Kisa chake kinachojulikana na kila mtoto wa Pwani ni cha mkutano wa Agosti mwaka huo na Arthur Champion, ofisa wa utawala. Husimuliwa kwamba Mekatilili alimletea kuku na vifaranga, akamwambia, haya, chukua kifaranga kimoja. Champion alipoinyoosha mkono, kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia kwamba ndivyo itakavyokuwa akigusa watoto wa Wagiriama. Champion, kwa hasira, akampiga kuku risasi. Mekatilili akampiga Champion kofi.

Oktoba walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka Kisii, mamia ya kilomita kutoka baharini. Walitoroka na kurudi kwa miguu.

Shuleni tunafundishwa kofi lile kama mwanzo wa vita. Mimi sasa nalisoma vingine. Angalia mpangilio: kwanza alizungumza, akaonyesha mpaka uko wapi, akaonya. Mkono ulikuja mwisho, ulipokuwa hauna budi, na ulikuwa mkono mtupu mbele ya mtu mwenye bunduki. Mzee wetu wa Magongo alitufundisha mpangilio huohuo bila kumtaja Mekatilili hata mara moja.

Sasa, mwaka uleule wa 1913, katika mji mkuu wa dola ileile, kulikuwa na mwanamke mwingine. Edith Garrud hakufika urefu wa futi 5. Alikuwa amejifunza jujitsu, mieleka ya Kijapani iliyofika London mwishoni mwa karne ya 19, na alikuwa na ukumbi wake wa kufundishia. Wanawake wa Uingereza walikuwa wakidai kura, na polisi walikuwa wakiwapiga barabarani. Wakifungwa, waligoma kula. Serikali ikatunga sheria iliyopewa jina la utani la Paka na Panya: mfungwa akidhoofika anaachiliwa, akinenepa anakamatwa tena.

Basi Garrud akafundisha kikosi cha wanawake wapatao 30 kumlinda kiongozi wao, Emmeline Pankhurst, asikamatwe. Walijifunza kwa siri. Hakuwafundisha kushindana nguvu na polisi, maana wangeshindwa. Aliwafundisha kutumia uzito wa mtu anayekuvuta, kuachana na mkono wake, na kumwacha aanguke mwenyewe.

Wanawake hawa wawili hawakujuana. Wote wawili magazeti na maofisa wa enzi zao waliwaona kama watu waliopotoka: mwanamke gani huyu anampiga mwanamume? Hoja haikuwa nguvu ya kofi. Hoja ilikuwa idhini ya kulitoa.

Sheria inasemaje

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba najifunza kujikinga, swali lake la kwanza lilikuwa la Kikenya kabisa: “Na ukimuumiza, si utafungwa wewe?”

Jibu liko kwenye Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika hapa 1930 chini ya mkoloni na inayotumika mpaka leo. Kifungu cha 17 ni kifupi. Kinasema kwamba nguvu uliyotumia kujilinda wewe au mali yako itapimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Basi. Haki yako ya kujikinga kwenye steji ya Magongo inapimwa kwa mizani iliyochongwa na mahakimu wa London.

Mizani hiyo si mbaya. Inauliza mambo mawili: uliamini kweli kwamba uko hatarini, na je, ulichofanya kililingana na hatari hiyo? Mwaka 1971, katika rufaa iliyotoka Jamaika, majaji wa Baraza la Uingereza walikubali kwamba mtu anayeshambuliwa hawezi kupima kipimo cha nguvu yake kama mtu anayepima dhahabu. Mahakama za Kenya zimeitumia kesi hiyo mara nyingi. Lakini hatari ikiisha, haki nayo inaisha. Akikimbia, usimfuate. Akianguka, usirudi kumpiga teke.

Mzee wetu aliifupisha hivi: “Unapiga ili upate njia. Ukishapata njia, pita.”

Mwaka wa Bruce Lee

Si kwamba Pwani haikuwa na michezo ya kupambana. Lamu kuna kirumbizi mpaka leo: wanaume wawili, fimbo mbili, zumari na ngoma, na umati umewazunguka. Ni ustadi wa macho na miguu. Lakini ni fimbo, ni uwanja, na ni wanaume. Nafasi ya mwanamke kwa kawaida imekuwa pembeni.

Kisha ikaja 1973. Bruce Lee alifariki tarehe 20 Julai, na mwezi mmoja baadaye Enter the Dragon ikaanza kuonyeshwa. Mwaka huohuo Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, akaanza kufundisha karate ya Goju-ryu jijini Dar es Salaam, kwenye dojo lililokuja kujulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la Zanaki. Mzee wetu ni wa kizazi hicho. Anakumbuka vijana wakitoka sinema na kurushiana mateke njia nzima mpaka nyumbani.

Neno karate lina historia yake. Ni sanaa ya visiwa vya Okinawa, na Funakoshi Gichin aliipeleka Tokyo 1922. Zamani jina hilo liliandikwa kwa herufi za kumaanisha mkono wa Kichina. Mwaka 1936 walimu wakuu wa Okinawa walikutana Naha wakakubaliana liandikwe kwa herufi inayotamkwa vilevile lakini yenye maana nyingine: mkono mtupu.

Mzee alipotueleza haya, mama mmoja nyuma akasema, “Mkono mtupu haulambwi, mwalimu.” Tukacheka wote. Akasubiri tunyamaze, kisha akajibu, “Haulambwi, mama. Lakini wakuogopa.”

Hata hivyo alikiri jambo. Miaka yote ile karate ilifundishwa kama mchezo wa vijana wa kiume: mikanda, vikombe, teke la juu. Vitu rahisi ambavyo mtu wa kawaida angevihitaji, kama kuachana na mkono uliokushika, vilikuwa vya dakika tano mwisho wa somo. “Kata zangu zote hamtazihitaji,” alituambia. “Mngezihitaji, ingebidi mje miaka kumi. Nyinyi mnashuka zamu kesho.”

Kutoka Korogocho

Mabadiliko yalipokuja Kenya hayakutoka kwenye dojo. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya St. Kizito huko Meru walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Nchi ilipigwa na bumbuazi, kisha ikabishana miaka na miaka. Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung’u, ilipita 2006.

Sheria hushughulika na kilichokwisha kutokea. Kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi watu walianza kuuliza kuhusu dakika ile yenyewe. Korogocho, bibi vizee wanaojiita Shosho Jikinge wamekuwa wakikutana kufanya mazoezi ya kupiga pua, kupiga kelele na kuondoka. Shuleni, wasichana walianza kufundishwa vipindi sita vya saa mbili mbili: kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti, na mwisho kabisa kupiga. Utafiti uliochapishwa 2014 ulikuta kwamba kati ya wasichana waliofundishwa, waliosema wamedhulumiwa kingono katika mwaka mmoja walishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 11.1. Wenzao waliopata somo la kawaida la stadi za maisha hawakuwa na mabadiliko ya maana.

Mwaka uliofuata yakaja matokeo kutoka vyuo vikuu vitatu vya Kanada, wanawake 893. Waliopata mafunzo kamili, asilimia 5.2 walibakwa ndani ya mwaka; waliopewa vijitabu tu vya kusoma, asilimia 9.8. Mafunzo ya huko yalitumia muda mwingi kwenye jambo ambalo hatupendi kulisema: anayekudhuru mara nyingi ni mtu unayemjua. Mgeni wa gizani utampigia kelele. Je, mjomba? Je, msimamizi anayepanga zamu zako?

Jumapili sita

Haya, tulifundishwa nini? Naandika hapa kwa sababu ni machache, na kwa sababu hayana siri.

Macho kwanza. Simu mfukoni, sikio moja wazi. Mtu akikukaribia, simama pembe, mguu mmoja nyuma, mikono juu kifuani viganja vikiwa wazi, kama unayemtuliza mtu. Kwa mpita njia unaonekana mpole. Kumbe uso wako umeshalindwa.

Sauti ya pili. Maneno mafupi, na usiombe. Wenyeji wa Mvita tulipiga kelele “Niwate!”, wa bara wakapiga “Niachilie!”, na mzee akasema zote sawa mradi zinatoka tumboni. Sauti inafanya kazi mbili: inaita watu, na inakukumbusha kupumua. Mtu aliyeganda huwa amezuia pumzi.

Mkono wa tatu. Akikushika kifundo, usivute kurudi nyuma, hapo unashindana na vidole vinne. Tafuta gumba lake, liko peke yake. Zungusha mkono mpaka ubavu mwembamba wa kifundo uelekee kwenye gumba, msogelee hatua moja, kunja kiwiko kwa ghafla kama unayejikuna sikio. Unatoka. Nilifanya mara ya kwanza na kijana wa bodaboda aliyekuja kutusaidia mazoezi, mkono wake mpana kama sahani. Nilitoka. Nikamwomba anishike tena, na tena.

Ngumi hatukufundishwa, maana mifupa ya vidole huvunjika upesi. Tulifundishwa kupiga kwa ile nyama nene iliyo chini ya kiganja, kuelekea pua au kidevu. Goti kwenye kinena. Kisigino kwenye muundi wa mguu. Kisha kukimbilia penye taa na watu.

Na tulifundishwa mpaka. “Akiwa na panga na anataka simu, mpe simu,” alisema mzee. “Simu ina duka. Mkono hauna duka.” Mombasa bara tunajua habari ya vijana wa panga, hakuna aliyebisha. Lakini akitaka kukuhamisha kutoka pale ulipo kukupeleka pengine, hapo kila ulicho nacho kinaruhusiwa. Niliposikia hayo nilikumbuka “twende huku,” na nikatoka nje kidogo kunywa maji.

Msomaji atasema, kwa nini mzigo tubebe sisi? Ni kweli. Si kazi ya anayeshambuliwa kuzuia shambulio, na aliyeganda hana kosa lolote. Kuganda ni kazi ya mwili, si uamuzi. Lakini Mekatilili hakuishia kwenye kofi, alitaka watoto wabaki nyumbani. Wanafunzi wa Garrud hawakuishia kwenye jujitsu, walitaka kura, na baadhi ya wanawake wa Uingereza waliipata 1918. Sisi wasafishaji kumi na mmoja, baada ya Jumapili ya nne, tulikwenda kwa meneja wetu pamoja tukadai gari la usiku. Alisema bajeti hairuhusu. Tukasema “Hapana,” kwenye mstari, vilevile kama tulivyofundishwa. Ilichukua majuma matano. Sasa kuna gari, bovu, lakini linafika Magongo na Chaani.

Jumapili ya tano mamangu alikuja. Alisema anataka tu kuona mahali ninapoenda. Akaketi kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Mzee akamkaribisha kwenye mstari, akakataa, akakaribishwa tena, akavua viatu. Kijana wa bodaboda akamshika kifundo, kwa adabu.

“Sema, mama.”

“Samahani, niwate,” mamangu akasema.

Watu wakacheka, naye akacheka. Wakarudia. “Samahani.” Wakarudia tena. Mara ya nne hakucheka. Alikuwa anautazama ule mkono. Baadaye, kwenye tuktuk, aliniambia kwamba aliwahi kushikwa hivyo kwenye foleni ya feri ya Likoni, akiwa msichana mdogo kuliko mimi, na kwamba mamake alimwambia asimwambie mtu.

Mara ya tano alipiga kelele. “NIWATE!” Mkono ukatoka, kijana akayumba nyuma, na mwenye mahamri wa ng’ambo ya barabara akaja mbio na mwiko mkononi, mafuta yanamtiririka, akasimama mlangoni akihema.

“Kuna nini? Nani anapigwa?”

Mamangu akajitengeneza mtandio. “Hakuna kitu, mwanangu,” akamjibu. “Najifunza.”